Mshono wa Sindano Mbili: Namna ya Kushona Ngozi kwa Mkono Ikadumu

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea mkoba wake wa ngozi ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kama kitu kinachopelekwa kutupwa. Mshikio ulikuwa umeng'oka upande mmoja. "Fundi, nimeambiwa hapa hakuna cha kufanya, ninunue mwingine tu." Nikaukagua. Ngozi ilikuwa nzima na pete za chuma zilikuwa nzima. Kilichokwisha ni uzi. Ulisagika pale unapogusana na pete, ukakatika mahali pamoja tu, kisha mishono ya jirani ikalegea mmoja baada ya mwingine hadi mshikio ukaachia. Nilichukua sindano mbili, nikapita kwenye matundu yaleyale, na chai niliyokuwa nimeagiza ilikuwa bado vuguvugu nilipomkabidhi mkoba wake.

Nimeanza na mkoba ule kwa sababu ndani yake mna jibu la swali ninaloulizwa karibu kila wiki: kwa nini ushone kwa mkono ilhali cherehani ipo? Nitajibu kwanza, halafu nikufundishe hatua kwa hatua, kuanzia kuchagua ngozi mpaka kukata uzi wa mwisho. Huhitaji karakana. Unahitaji meza, mwanga wa kutosha na subira.

Kinachotokea ndani ya tundu

Cherehani hutumia nyuzi mbili. Uzi wa juu hushuka na sindano, uzi wa chini hutoka kwenye bobini, nazo hukutana katikati ya unene wa ngozi na kunasana kama vidole viwili vilivyopindwa. Kila uzi hubaki upande wake. Ukikatika mmoja, mwenzake hana tena wa kumshika. Haufumuki papo hapo kama mdomo wa kiroba cha unga, ambao ukipata uzi wake na kuuvuta hufunguka wote kwa mkupuo. Mshono wa ngozi hulegea taratibu, kidogo kila unapobeba mzigo, na mwenye mkoba haoni kitu mpaka siku unapomwagika vitabu barabarani.

Mshono wa mkono ninaouzungumzia una uzi mmoja wenye sindano kila ncha. Sindano zote mbili hupita katika kila tundu, hii ikitokea kulia na ile ikitokea kushoto. Kwa hiyo katika kila tundu mna nyuzi mbili zilizopishana, na kila moja imesafiri kutoka mwanzo wa mshono hadi mwisho wake bila kumtegemea mwenzake. Uzi ukisagika upande wa nje, ule mwingine bado umezishika ngozi mbili pamoja. Unapata muda wa kuona kasoro na kuitengeneza kabla ya kupata hasara.

Mafundi wa Ulaya huuita mshono wa tandiko, kwa kuwa ulikuwa wa watu waliotengeneza matandiko na hatamu za farasi. Hatamu ikikatika farasi akiwa mbioni, mtu anaweza kufa. Hermès, ambao leo mikoba yao hushikwa na matajiri wa dunia nzima, walianza Paris mwaka 1837 kama karakana ya hatamu, na hadi leo mshono wanaojivunia ni huuhuu wa sindano mbili. Cherehani ya nyuzi mbili ilipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1846 mikononi mwa Elias Howe, Isaac Singer akafuata na yake mwaka 1851, na kweli ilibadilisha ushonaji wote wa nguo. Tandiko la farasi lakini halikuukimbia mkono.

Nasi watu wa pwani tusijione wageni katika jambo hili. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulikuwa chombo kizima kilichoshonwa: mbao kwa mbao, kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari, na ulibeba boriti za mikoko ukavuka bahari nazo. Babu zetu walijua kwamba kilichoshonwa vizuri hupinda na wimbi badala ya kupasuka.

Hii haina maana kila kitu kishonwe kwa mkono. Bitana la ndani ya begi, mfuko mdogo wa kitambaa, zipu iliyopakana na nguo: peleka kwenye cherehani, usijitese. Mkono uuweke pale panapovutwa na panaposuguliwa. Mishikio ya mikoba, mikanda, ala za visu, kona za pochi, kanda za makubadhi, hatamu za punda. Hapo ndipo saa moja ya ziada inaporudisha miaka.

Ngozi

Sokoni utakutana na ngozi za namna mbili. Ya kwanza imesindikwa kwa magome ya miti, hasa miwati, miti ile inayostawi Njombe na nyanda za juu za Kenya. Ni ngumu kidogo, ina rangi ya kahawia hafifu, na ukiidondoshea tone la maji hubadilika rangi pale pale na kuwa nyeusi zaidi. Ya pili imesindikwa kwa chumvi za kromiamu. Ni laini, huja kwa rangi za kila aina, maji huteleza juu yake, na ukiikata ukatazama ubavu wake mara nyingi utaona ukijivu au usamawati katikati.

Anayejifunza aanze na ile ya magome. Hushika alama unayoichora, hutobolewa safi, na kingo zake hung'arishwa kwa maji na kitambaa tu. Ngozi laini huhamahama mkononi, nayo humkatisha tamaa mtu ambaye kosa si lake.

Huna haja ya kununua ngozi nzima. Dar es Salaam pita Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya viatu, Nairobi nenda Kariokor ambako mafundi wa kandambili za ngozi wamejaa, na uulize vipande. Vipande vya mabaki vinavyouzwa kwa uzito vinakutosha miezi miwili ya mazoezi. Kwa pochi tafuta unene wa milimita 1 hadi 1.5. Kwa mshikio wa mkoba, milimita 2 hadi 3. Mkanda wa suruali wa ngozi moja, milimita 3.5 au 4. Kisha ipinde: ukiona uso unapasuka mistari midogo kama tope lililokauka, irudishe. Ngozi ya tumboni mwa mnyama hunyumbuka kama mpira, usiitumie kwa kitu kinachovutwa. Ya mgongoni ndiyo yenye nguvu.

Zana, na zile unazoweza kujitengenezea

Sindano mbili zenye ncha butu. Watu wengi hukosea hapa. Sindano kali ni adui, kwa sababu tundu tayari lipo na kazi ya sindano ni kupita tu. Ikiwa kali itauchoma uzi wa mwenzake ndani ya tundu na mshono wote utakwama. Ukikosa sindano butu chukua sindano nene za kawaida, uzisugue ncha kwenye jiwe la kunolea hadi zisichome kidole.

Uzi. Wa katani au wa poliesta uliopakwa nta, wa kusokotwa au bapa. Unene wa milimita 0.6 kwa pochi, 0.8 kwa mikoba na mikanda, 1.0 kwa ala na hatamu. Uzi wa nguo hautoshi hata ukiukunja mara nne, maana husagika mmoja mmoja. Uzi usio na nta upake mwenyewe: shika donge la nta ya nyuki, bana uzi juu yake kwa kidole gumba, vuta. Rudia mara tatu. Nta hulainisha njia ya uzi, huzuia maji, na hufanya mshono ushike pale ulipouacha.

Msharasi, yaani chuma chembamba chenye mpini cha kutobolea. Mafundi viatu wengi hujitengenezea kwa spoku ya baiskeli. Nawe fanya hivyo, ila ncha usiiache mviringo. Inoe kwa tupa iwe na pande nne zilizobanwa, mithili ya mbegu ya boga ukiitazama ubavuni. Tundu la mviringo, kama la msumari, hubaki wazi daima na mshono hukaa umelala bila umbo. Tundu la mchinjo wa mshazari hujifunga lenyewe kuuzunguka uzi, na mishono hupanda yote kwa mshazari mmoja kama mvua ya upepo. Ule mshazari ndio unaomfanya mtu ashike mkoba wako na kuutazama mara ya pili.

Chuma chenye meno cha kugawia nafasi huuzwa tayari, meno yakiwa na nafasi ya milimita 3, 4 au 5. Kama mfuko hauruhusu, chukua uma wa kulia, uzinoe ncha zake zote kwa tupa ziwe na urefu mmoja, na uutumie kuweka alama tu, kisha utoboe kwa msharasi. Nimeshona mikanda mingi kwa uma.

Halafu bikari ya mwanafunzi yenye ncha mbili za chuma, rula ya chuma, kisu kikali au wembe wa kukatia, nyundo ya mbao, msasa namba 240 na 400, gundi ya viatu ya njano, kiberiti cha gesi.

Mwisho kabisa kibanio. Hiki usikiruke, kwa sababu mikono yako yote miwili itakuwa na sindano na hakuna mkono wa tatu wa kushika ngozi. Chukua mbao mbili za urefu wa sentimita 60 hivi na upana wa sentimita 8. Weka kigogo cha mbao cha sentimita 3 kati yao upande wa chini, uzipigilie hapo. Juu zikutanishe, na ndani ya midomo yake bandika vipande vya ngozi laini ili kazi isikwaruzwe. Keti, weka kibanio kati ya mapaja, bana. Midomo yake ifike chini kidogo ya kifua, shingo isiinamie.

Kuandaa kabla ya sindano

Kata vipande vyako kwa rula na kisu, mkono ukishuka mara moja kwa uzito mmoja. Kukatakata mara tano juu ya mstari uleule huacha ukingo wenye ngazi. Kazi ya kwanza ninayoshauri ni mfuko mdogo wa kadi: vipande viwili vya sentimita 10 kwa 7.5, kushonwa pande tatu. Ni kidogo, na kina kona mbili za kukufunza.

Kwaruza kwa msasa mahali pa gundi kama unabandika juu ya uso wa ngozi, maana uso laini haushiki. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, upana wa milimita 5 tu kutoka ukingoni. Kisha ngoja. Gundi hii hushika ikiwa imekauka kiasi kwamba kidole hakinati, dakika kumi hivi kulingana na joto. Anayekutanisha ikiwa bado mbichi huona vipande vikiteleza wakati wa kutoboa, na matundu ya mbele na ya nyuma hayaonani tena. Fanya kazi hii dirishani au barazani, mvuke wake unaumiza kichwa. Kutanisha, gonga kwa nyundo, kisha nyoosha ukingo kwa msasa mpaka vipande viwili vionekane kama kimoja.

Gundi haishoni. Kazi yake ni kushika mpaka uzi ufike. Ukiona mkoba dukani ambao ukingo wake umebandikwa tu na mshono ni alama iliyokandamizwa kwa mashine, uurudishe kwenye rafu.

Sasa mstari. Fungua bikari milimita 3 au 4, mguu mmoja ufuate ukingo wa nje, mguu wa pili uchore juu ya ngozi. Karibu zaidi ya hapo uzi utakata ukingo, mbali zaidi ukingo utakuwa unapanuka kama mdomo. Kwa ngozi laini sana chora kwa sabuni iliyochongwa badala ya kukwaruza.

Matundu

Ngozi iwe juu ya ubao laini au kipande cha ndala kuukuu. Simamisha chuma chenye meno wima kabisa juu ya mstari. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: chuma kikiinama hata kidogo, mbele utaona mstari mzuri na nyuma matundu yatakuwa yanapandapanda. Inama utazame kutoka ubavuni kabla ya kupiga. Kisha usisogeze kwa kukadiria. Jino la kwanza au mawili ya mwanzo yaingie kwenye matundu uliyokwisha kutoboa, meno yaliyobaki yatajipanga yenyewe.

Ukikaribia kona, simama matundu matano kabla na upime. Nafasi isipogawanyika sawasawa, ibe kidogo kidogo kwenye kila nafasi ya yale matano. Robo milimita haionekani, tundu moja lililobanana na jirani yake huonekana kutoka mlangoni.

Kwa msharasi mwendo ni uleule, ila tundu moja moja. Weka alama kwa uma, bana kazi kwenye kibanio, elekeza ubapa wa msharasi kwa mshazari wa karibu digrii 45, sukuma moja kwa moja. Kidole cha mkono wa pili kisikae nyuma ya ngozi. Weka kizibo au kipande cha sabuni kipokee ncha.

Nafasi ndogo sio ufundi. Matundu yakisongamana, ngozi huwa kama stempu, na siku ya mzigo huchanika kwa kufuata mstari wako. Milimita 3 kwa pochi, 4 kwa mkoba, 5 au zaidi kwa ngozi nene.

Uzi na kuutunga

Pima urefu wa mshono, uuzidishe mara nne, ongeza urefu wa mkono mmoja. Kwa mshono wa sentimita 30 ni sentimita 120 na ziada. Ngozi nene hula zaidi, zidisha mara tano. Usichukue uzi wa mita nne kwa kuogopa kuunganisha, kwa sababu kila unapouvuta unasagika kwenye tundu, na ule wa mwisho utakuwa na manyoya.

Kutunga kwenyewe kuna siri yake, uzi usichomoke kila baada ya tundu la pili. Pitisha ncha ya uzi kwenye jicho la sindano kiasi cha sentimita 6. Kisha uchome uzi huo huo kwa sindano, katikati ya unene wake, mahali pawili (uzi ukiwa mnene utafunguka kwa sindano butu, kama sivyo tumia pini kuufungua kwanza). Sukuma sehemu zile mbili ulizochoma zishuke kupita jicho la sindano mpaka kwenye uzi mrefu, uvute, ulainishe kwa nta. Utapata mkia mwembamba usio na fundo. Fanya hivyo na sindano ya pili kwenye ncha nyingine.

Kushona

Bana kazi kwenye kibanio, uso wa mbele ukitazama kulia, mstari wa matundu ukiwa juu kidogo ya midomo ya mbao. Utashona kutoka mbali ukija kwako. Pitisha sindano moja kwenye tundu la kwanza, kutanisha sindano mbili juu, hakikisha uzi umegawanyika nusu kwa nusu.

Sasa sikiliza mwendo wake, polepole.

Sindano ya kushoto ndiyo itangulie. Iingize kwenye tundu linalofuata, itokeze upande wa kulia. Mkono wa kulia, ambao tayari umeshika sindano yake, uweke sindano hiyo chini ya ile iliyotokeza ili zifanye msalaba, uzishike zote mbili kwa pamoja, uvute. Uzi wa kushoto umekwisha kupita. Bila kuachia, geuza mkono, uvute uzi uliopita kidogo kuelekea kwako ili tundu lifunguke, na sindano ya kulia iingie kwenye tundu lile lile nyuma ya uzi huo. Inapokuwa nusu ndani, rudisha kidogo uzi wa kwanza nyuma. Ukiteleza, uko salama. Ukikataa kuteleza, sindano imeuchoma: itoe, ingiza upya. Kisha mkono wa kushoto uipokee sindano, vuta mikono yote miwili nje, sawa kwa sawa, mpaka uzi ukae.

Tundu linalofuata, vilevile. Kushoto itangulie, msalaba, vuta, kulia nyuma ya uzi, jaribu, vuta. Mpangilio huu usibadilike hata mara moja. Mshono mmoja ambao kulia ilitangulia utalala kifudifudi katikati ya wenzake waliosimama, na jicho litauona tu.

Mzee aliyenifundisha, aliyekuwa akishona makubadhi, alinikataza kutazama sindano. Aliniambia, "Mwanangu, sikia mikono." Wiki ya kwanza sikumwelewa. Maana yake ni kwamba mkono mmoja wenye nguvu kuliko mwingine huuvuta mshono wote upande wake, na huwezi kuliona hilo, unalihisi. Mkono wangu wa kulia ulikuwa ukivuta zaidi, na mishono ya upande wa kushoto ikawa inazama huku ya kulia imeelea. Nilifumua mkanda mzima, matundu zaidi ya 200, nikaanza tena.

Kukaza kunategemea ngozi. Ngozi ngumu ya magome ivute mpaka uzi uzame kidogo na kutoa mlio mfupi wa nta. Ngozi laini, acha mapema. Ukiona ngozi inakunjamana kati ya tundu na tundu kama kiuno cha sketi, umezidisha. Kilicho muhimu ni kila mshono uvutwe kwa nguvu ileile, basi. Usishone ukiwa na hasira wala ukiharakisha basi la jioni, itaonekana kwenye mshono.

Kwenye ukingo wa mfuko, pale kadi zinapoingia, uzi uzunguke nje ya ukingo mara mbili kabla ya kuendelea. Hapo ndipo mfuko huvutwa kila siku.

Uzi ukikwisha njiani, usifunge fundo. Shona mpaka zibaki sentimita 10, anza uzi mpya matundu mawili nyuma, ufunike wa zamani, uendelee. Mikia ya zamani utaikata baadaye.

Kumaliza

Ukifika tundu la mwisho rudi nyuma matundu mawili au matatu kwa sindano zote, katika matundu yale yale. Yatakuwa yamejaa, hivyo sindano itahitaji koleo. Ivute moja kwa moja, usiipindishe, jicho la sindano hukatika hapo. Malizia nyuzi zote mbili upande wa ndani. Uzi wa poliesta ukate ubaki milimita 2, uguse kwa mwali wa kiberiti, uukandamize na ubapa wa kisu kabla haujapoa. Uzi wa katani hauyeyuki, utaungua tu: ukate karibu na ngozi, weka tone la gundi.

Kisha gonga mshono mzima taratibu kwa nyundo ya mbao, ngozi ikiwa imefunikwa na kitambaa. Matundu hujifunga, mishono hulala kwa usawa. Ni dakika moja, na tofauti yake huwashangaza watu.

Kingo: msasa 240, halafu 400, ukate pembe kali kwa wembe, lowesha kwa kidole chenye maji, sugua kwa kipande cha turubai la pamba au kijiti laini cha mpingo mpaka zing'ae. Mwisho nta kidogo. Kwa ngozi ya kromiamu maji hayatasaidia, tumia rangi ya kingo.

Kufufua mshono wa cherehani uliofumuka

Huu ndio ujuzi utakaokulipa mapema zaidi, kwani mikoba iliyofumuka imejaa kila mtaa. Usianze pale palipofumuka. Rudi matundu manne kwenye mshono ambao bado mzima, na upite juu yake, kisha songa mbele mpaka matundu manne upande wa pili. Nyuzi zilizolegea zitoe kwanza kwa pini, usizivute, zitafungua zaidi. Tumia matundu yaleyale. Kutoboa mapya kati ya ya zamani ni kuichana ngozi kwa mkono wako mwenyewe. Kama matundu ni madogo kwa uzi wako, yapanue kidogo kwa msharasi au chukua uzi wa 0.6. Na kama ngozi yenyewe imeraruka tundu kwa tundu, weka kipande kipya cha ngozi nyuma, kibandike, ndipo ushone kupitia vyote viwili.

Chunguza pia kilichoukata uzi. Kwenye mkoba wa yule mwalimu ilikuwa pete yenye ncha iliyobaki kiwandani. Nisingeipitishia tupa, mshono wangu nao ungesagika.

Bei

Mafundi wengi hujipunja hapa. Hesabu matundu. Mfuko wa kadi wenye mshono wa sentimita 25 na nafasi ya milimita 4 una matundu 60 na ushee. Mkanda wa suruali wa mita 1.1 ulioshonwa pande zote mbili una karibu 550. Jipime kwa saa: unashona matundu mangapi katika dakika kumi, ukiwa umetulia? Anayeanza ni 20 hivi, mzoefu huzidi 40. Kwa mwendo wa anayeanza mkanda ule ni zaidi ya saa nne za kushona peke yake, bila kukata, kutoboa wala kingo. Weka thamani ya saa yako, ongeza ngozi, uzi na bizimu, hapo utajua bei ambayo chini yake unamfanyia mteja kazi ya bure.

Mteja akisema ni ghali, mpe kipande cha mfano. Mimi nina viwili juu ya meza, kimoja cha cherehani na kimoja cha mkono, vyote nimevikata uzi mahali pamoja kwa wembe mbele ya macho ya watu. Ninamwambia avute.